Simu ya kwanza kwa mzazi isiwe ya kesi

Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali hapa Moshi mjini, upande wa chini, ambako watoto wengi hutokea Pasua, Bomambuzi na Njoro. Mwaka huu wako 87. Nimeshika chaki miaka kumi na tisa, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo sikuwahi kumtafuta mzazi ila mwanae akiwa amekosea. Naandika kwa walimu wenzangu, hasa nyie mliopangiwa kituo kwa mara ya kwanza na kukabidhiwa rejista ya watoto ambao hamjui hata wanaishi mtaa gani.

Nianze na lililonibadilisha. Nikiwa shule nyingine, nilikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa analala darasani. Sisemi kusinzia. Kulala hasa, kichwa juu ya dawati, tangu kipindi cha pili. Nikamwandikia mama yake barua kwa kalamu nyekundu: "Fika shuleni kesho saa 2 kamili bila kukosa." Akafika. Kitenge chake kilikuwa na madoa mabichi ya nyanya, maana alitokea sokoni Mbuyuni na meza alikuwa amemwachia jirani. Nilimsemea akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, wenzangu wanasikiliza. Kiti sikumpa. Alijibu "sawa mwalimu" mara tatu au nne, akaondoka, na mwaka ule hakukanyaga tena shuleni, hata siku ya kuchukua matokeo. Miezi mingi baadaye jirani yake akanieleza: mtoto alikuwa anaamka saa tisa usiku kumsaidia mama kupakia matenga, kwa sababu mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji na daktari alimkataza kunyanyua kitu kizito. Mama yule alikuja na jibu lote, na mimi sikumuuliza hata swali moja.

Tangu hapo nimeshika jambo hili, na yote ninayoeleza hapa chini yanatoka humo: mjue mzazi kabla hujamhitaji. Mkionana mara ya kwanza juu ya kosa la mtoto, yeye anakaa upande wa mshitakiwa na wewe upande wa hakimu, na kutoka hapo kurudi pamoja ni kazi ya miaka.

Daftari la wazazi

Shule zikifunguliwa Januari nanunua kaunta buku la kwaya mbili. Kila mtoto nampa nusu ukurasa. Rejista ina jina la mzazi, lakini mara nyingi jina hilo ni la mtu ambaye hayupo nyumbani: baba yuko Mererani, mama amehamia Dar es Salaam, mtoto analelewa na bibi au shangazi, au na kaka yake mwendesha bodaboda. Fomu ya kujaza nyumbani niliiacha zamani. Inarudi tupu, au haijarudi kabisa. Badala yake, wakati nasahihisha madaftari, namwita mtoto mmoja mmoja mezani na kumuuliza maswali matatu. Leo nani alikuamsha? Nani alikupa chai? Ukiumwa usiku, nani anakupeleka hospitali?

Jina linalotajwa mara mbili au tatu ndilo naliandika. Kwa mtoto mmoja wa mwaka jana lilikuwa la dada wa kazi, binti wa miaka kama ishirini kutoka Singida. Mama mtu anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza na anarudi mtoto ameshalala. Nilimheshimu dada yule kama mzazi, kwa ruhusa ya mama, na ndiye aliyekuwa ananiletea habari za kazi za nyumbani. Mama alifurahi. Hakuona kama amenyang'anywa nafasi yake, kwa kuwa yeye ndiye niliyempigia kwanza kumwomba.

Andika pia mtaani wanamwitaje. Mama wa mtoto wako darasani huenda anajulikana kwa jina la kifungua mimba wake, na ukifika mtaani kwao ukiuliza kwa jina la rejista, hata jirani wa ukuta mmoja hatamjua. Andika simu ni ya nani, ni simu janja au kitochi, na saa ngapi inapokelewa. Na kuhusu kusoma, tafadhali usimuulize mtu mzima kama anajua kusoma. Mimi huuliza hivi: "Nikiwa na ujumbe nikuandikie au nikupigie?" Anayesoma atasema niandikie. Asiyesoma atasema nipigie, na heshima yake inabaki palepale.

Simu tano kila siku

Sasa kazi yenyewe. Kuanzia wiki ya pili, kila siku baada ya watoto kuondoka, napiga simu tano. Watoto 87 kwa simu tano ni siku kumi na nane za shule, hazifiki wiki nne. Kila simu haizidi dakika mbili. Vocha naitoa mfukoni mwangu, na najua mshahara wetu ulivyo, lakini kifurushi cha wiki kinatosha na kubaki. Nimeona barua moja ya wito inavyoweza kugharimu mwaka mzima, kwa hiyo gharama hii naitoa kwa moyo mmoja.

Katika simu hiyo hakuna lawama, hakuna mchango, hakuna kikao. Kuna jambo moja jema ulilolishuhudia kwa macho yako, na uliseme lilivyotokea. Ukisema "mtoto wako ni mzuri, anajitahidi," mzazi atashukuru na kubaki anasubiri neno "lakini". Mwezi Februari nilimpigia mama mmoja muuza ndizi, mdogo kwangu kwa umri.

"Shikamoo," akasema kabla hata hajajua ni nani.

"Marahaba mama, habari za biashara? Ni mwalimu wa darasa la tatu, wa binti yako."

Kimya. Kelele za soko nikawa nazisikia vizuri, mtu anapiga bei, pikipiki inapita.

"Amefanya nini, mwalimu?"

"Hajafanya kosa lolote. Leo amesoma ukurasa mzima kwa sauti na hajakwama. Hata 'wananyang'anyana' amelipita. Nimeona nisitoke shuleni bila kukuambia."

Kimya tena. Halafu: "Umenipigia kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

"Subiri hapohapo, usikate." Nikamsikia akimwita mwenzake wa meza ya pili: "Njoo! Njoo usikie mwalimu wa mwanangu anavyosema." Nikarudia maneno yale kwa mama wa pili ambaye sikumjua na sijamjua hadi leo.

Mwezi Aprili binti huyo alikosa shule siku mbili. Nilipopiga, mama alipokea mlio wa kwanza, akaniambia yeye mwenyewe kilichotokea: mwenye nyumba alikuwa amewafungia mlango, wamelala kwa ndugu. Jambo zito namna hiyo asingenieleza kama sauti yangu angekuwa anaisikia kwa mara ya kwanza siku ile.

Kila mwaka yuko mtoto mmoja ambaye hadi wiki ya tatu hujaona la kumsifia. Usitunge. Mwangalie zaidi. Nilikuwa na mvulana aliyekuwa anapiga wenzake karibu kila mapumziko, na nilikaa siku tisa namtafutia jema. Siku ya kumi upepo ulivuma, vumbi likaanza kuingia, na yeye, bila kutumwa, akainuka akafunga madirisha yote na kuifuta meza yangu kwa mkono wa sweta. Ndilo nililompelekea bibi yake. Bibi akasema, "Nyumbani ndiye anayenifungia kuku." Tukawa na pa kuanzia.

Salamu

Hili ni fupi, ila vijana mnalikosea. Kuwa mwalimu hakukuondolei wajibu wa shikamoo. Una miaka 24, bibi wa miaka 60 ameingia ofisini, na umemwita wewe kwa utoro wa mjukuu: simama, mpe shikamoo, mpe kiti, ndipo ukae. Mwite bibi au mama, usimwite "mzazi wa fulani" kana kwamba unasoma orodha. Kama ni Mchaga na unajua hata "shimbonyi" peke yake, ambayo ni salamu ya Kichaga, itumie. Atacheka matamshi yako, na mkishacheka pamoja mazungumzo yameanza. Asubuhi nikiwa zamu nasimama getini, na mzazi anayemleta mtoto kwa miguu namsalimia kwa jina lake la mtaani. Sekunde kumi tu.

Panga saa kwa kazi zao

Tunalalamika kwamba wazazi hawaji kwenye vikao. Tumewaita Jumatano saa nne asubuhi! Mama lishe saa nne anakatia vitunguu. Anakuwa huru saa tisa. Mwendesha bodaboda asubuhi anabeba wanafunzi na wafanyakazi, mchana ndipo anapata nafasi. Wauza sokoni hawawezi kuacha meza siku ya gulio. Jumamosi huku kwetu ni siku ya misiba na harusi, watu wanapanda mlimani kuzika na kurudi usiku. Mwezi Machi mvua za masika zikianza, wenye mashamba wanapanda mahindi. Desemba kila mtu yuko migombani, na Januari ndefu imejaa sare, madaftari na kodi ya nyumba. Ukishaviandika vyote hivi kwenye daftari, unaona wazi kwamba kikao kimoja cha wazazi wote hakiwezekani. Navifanya vitatu vidogo, saa tofauti, ajenda ileile.

Wanaonihitaji kuwafikiria zaidi ni kina baba wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Darasani kwangu kila mwaka wako watoto wa wapagazi, wagumu kama tunavyowaita. Njia ya Marangu inawachukua siku tano au sita, Machame sita au saba, Lemosho hadi nane. Akishuka anakaa siku mbili, anapanda tena. Msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, halafu tena kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Kwa miaka mingi niliwaandika baba hao "hashirikiani na shule". Hakuwapo! Alikuwa kambi ya Barafu na begi la mgeni la kilo 20 kichwani. Sasa kikao cha kina baba wa mlimani nakiweka Aprili au Mei, mvua zikiwa nyingi na wageni wachache. Mmoja wao anapanda Marangu, na tangu shirika la simu la TTCL walipofikisha intaneti mlimani mwaka 2022 tumeweka utaratibu wetu. Ijumaa nampigia picha ukurasa mmoja wa daftari la hesabu la mwanae, naye akifika kambi ya Horombo, mita 3,720, ananijibu kwa ujumbe wa sauti. Upepo unavuma kwenye simu, unamsikia anahema: "Mwalimu, mwambie nimeona. Ile ya saba amekosea kukopa, mwambie arudie." Namwekea mtoto aisikilize mwenyewe. Mtoto yule hajakosea kukopa tena.

Unapokuwa na jambo gumu

Itafika siku ya kusema lisilopendeza. Mtoto hasomi, anaiba kalamu, ana utoro. Hapa ndipo niende taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mwito mwenyewe usiupitishe kwa mtoto. Mtoto aliyebeba barua ya kumshitaki anaweza kuitupa mtaroni, na ungekuwa wewe ungeitupa. Piga simu, sema jambo ni nini kwa sentensi moja ili mzazi asikeshe akiwaza, na muulize yeye saa ya kuja.

Mahali: si mlangoni, si mbele ya walimu wengine. Sisi tuna benchi chini ya mjakaranda nyuma ya darasa la tano. Tunakaa upande mmoja, bega kwa bega, na daftari la mtoto liko mapajani katikati yetu. Meza ikiwa kati yenu, mzazi anakumbuka kituo cha polisi. Daftari likiwa kati yenu, wote wawili mnatazama kitu kimoja.

Neno langu la kwanza siku hizi ni hili: "Sijakuita ili mtoto apigwe, wala akifika nyumbani asipigwe kwa nitakayosema." Nililijifunza kwa maumivu. Mama mmoja alimzaba mwanae kofi mbele yangu kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Hakuwa katili. Alikuwa ananionesha kwamba si mzazi mlegevu, kwamba yuko upande wangu. Tangu hapo mtoto simleti mwanzoni. Anakuja mwishoni, akiwa tayari tumekubaliana.

Halafu eleza ulichokiona, usieleze tabia. "Mvivu" ni hukumu, na mzazi atamtetea au atamlaani, vyote havisaidii. "Wiki hii ameandika siku mbili kati ya tano, tazama, Jumatatu na Alhamisi" ni jambo la kutazama. Mzazi akishatazama, uliza: "Nyumbani yukoje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote kwa sisi walimu, tumezoea kujaza ukimya. Hesabu hadi ishirini kimoyomoyo. Mzazi ataanza na "yuko sawa tu," halafu atatazama chini, atavutavuta ncha ya kanga, na la kweli litafuata. Nimesikia chini ya mjakaranda ule habari za talaka, za taa iliyokatwa, za kaka aliyefungwa, za mtoto asiyeona ubaoni na hakuwahi kusema. Huyo wa mwisho tulimhamishia dawati la mbele siku hiyohiyo, mama akampeleka kupimwa macho.

Mkimaliza, kila mmoja achukue kazi moja. Moja tu. Mimi: nitamkagua daftari kila siku kabla ya mapumziko. Wewe: atalala saa tatu usiku. Andika kwenye daftari la wazazi, weka siku ya kupigiana, na siku hiyo ikifika piga hata kama hakuna jipya. Mzazi akiona umetimiza neno lako dogo, la kwake atalitimiza.

Kuna jambo moja ambalo halianzii kwa mzazi. Mtoto akikuambia anaumizwa nyumbani, au ukaona alama mwilini, usimwite mzazi kumuuliza. Nenda kwa mwalimu mkuu, afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto. Urafiki wako na mzazi haupiti mbele ya usalama wa mtoto.

Mzazi amekuja na hasira

Baba mmoja alikuja dirishani katikati ya kipindi, anafoka, vidole vya mwanae vimevimba. Mtoto alikuwa amepigwa na mwalimu mwingine siku iliyotangulia. Nilitoka, nikafunga mlango, nikamwambia, "Baba, nimekusikia. Twende tukakae, sipendi watoto wakuone umesimama hivi." Nikampa maji ya kunywa. Mtu mwenye kikombe mkononi anashusha sauti bila kuambiwa. Nikamwacha aseme hadi akaishiwa, huku naandika mbele yake, kisha nikamsomea nilichoandika na kumuuliza kama nimekosea mahali.

Usimtetee mwenzako kwa uongo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziko wazi: ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Nilimpeleka baba kwa mwalimu mkuu na nikakaa pale hadi mwisho. Mwenzangu alininunia wiki mbili. Baba yule, mwaka uliofuata, ndiye aliyekubali kuwa mwakilishi wa wazazi wa darasa kwenye UWAWA, yaani ushirikiano wa wazazi na walimu, na ndiye aliyewaita wenzake wakaja kuturekebishia madawati kwa nyundo zao wenyewe.

Pesa zikae mbali na darasa

Tangu Januari 2016 elimumsingi ni bila malipo, na mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango na watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Uji na chakula cha mchana bado wazazi wanachangia kwa hiari yao, na ni vizuri, mtoto mwenye njaa hasikii hesabu. Lakini kamati ya shule na wawakilishi wa wazazi ndio walisimamie. Mwalimu wa darasa usishike hata shilingi, usisome majina ya wasiotoa, usilitaje kabisa ukiwa unaongea na mzazi habari za masomo. Mzazi anayedaiwa hukata kona akikuona, na akikata kona umempoteza yeye na mtoto.

Kundi la WhatsApp

Linasaidia kutangaza, basi. Nusu ya wazazi wangu wana kitochi, kwa hiyo tangazo lolote la kundi nalituma pia kwa ujumbe wa kawaida, na kwa wale wa "nipigie" napiga. Alama za mtoto, picha yake, kosa lake, havipiti kundini, kwa heshima tu ya mtu, na pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Saa mbili usiku nafunga simu. Niliwaambia wazazi tangu mwanzo, na hawajawahi kulalamika.

Mlete mzazi afundishe

Wazazi wengi wa mtaani kwetu wameishia darasa la saba au hawakufika, na wakiingia shuleni wanajiona wadogo. Ninalopenda kuliko yote katika kazi hii ni kuwaonesha kwamba wanajua kitu ambacho mimi nakihitaji. Tulipofika kwenye vipimo vya ujazo, vitabu vilikuwa na picha za chupa. Nikamwomba mama mmoja muuza nafaka aje na vyombo vyake. Alikataa mara mbili. "Mimi nitamfundisha nani, mwalimu?" Mara ya tatu alikuja, amefunga kitenge kipya, na debe la lita 20, sado ya lita 4, na mahindi nusu gunia.

Alisimama mbele ya watoto 87, mikono inatetemeka. Akachota sado ya kwanza, akaipitishia fimbo juu kuisawazisha, kama anavyofanya kwa mteja. "Hesabuni," akasema. Moja. Mbili. Ilipofika ya tano debe likajaa hadi ukingoni, na watoto wakapiga kelele utadhani ni goli. Akawauliza, "Nikimwuzia mtu sado tatu kwenye debe, nimebaki na ngapi?" Sauti ilikuwa imeshatulia. Akaonesha na namna muuzaji mjanja anavyobonyeza sado ndani ili ipunguze, na kwa nini yeye hafanyi hivyo. Mwanae alikuwa amekaa dawati la nne. Alikuwa mtoto wa kuficha daftari. Siku ile alitembea shule nzima akisema, "Yule ni mama yangu."

Mama huyo sasa kila jioni anamhesabisha mtoto mafungu ya kunde kabla ya kufunga meza, na kwa kuwa yeye hajui kusoma, anamwambia mtoto asome kwa sauti huku yeye anakoroga ugali. Nilimfundisha jambo moja la kusikiliza: akisimama-simama, mwambie arudie sentensi. Huhitaji kujua herufi kusikia mtoto anakwama.

Mwisho wa mwaka

Kabla ya kufunga shule Desemba nakaa na mwalimu atakayelipokea darasa. Namfungulia daftari, tunapita ukurasa kwa ukurasa: huyu mpigie baada ya saa tisa, huyu mwite kwa jina la kifungua mimba, huyu baba yake yuko mlimani hadi mwanzoni mwa Machi, huyu bibi yake haoni vizuri, mpelekee mwenyewe. Inatuchukua mchana mzima na chupa ya chai. Kurasa nilizoandika mambo ya siri, niliyoambiwa chini ya mjakaranda, nazichana na kuzichoma kabla ya hapo. Kisha nampa daftari, na Januari nanunua jingine.